Wiki Tatu za Kuosha Vigae Kisiwani Evia

Nilipelekwa Ugiriki kwa sababu Baba, mwenye nyumba ninayofanyia kazi hapa Al Rayyan, jirani na Doha, hakumwamini mtu mwingine. Binti yake Noora anasomea akiolojia chuoni Doha, na alikuwa amepata nafasi ya kuchimba mji wa kale kisiwani Evia. Baba alikubali kwa sharti moja.

"Mwanaisha, nenda naye," aliniambia. "Ukirudi utanieleza yote, ndipo niamue kama ataendelea au atahamia masomo ya biashara."

Saa mbili asubuhi tuliondoka. Ndege ilipotulia juu ya mawingu Noora akaniuliza, "Utamwambia nini?"

"Nitakachokiona."

Akageukia dirishani.

Kutoka Athens tulikwenda kwa gari. Nilitarajia kupanda kivuko; kumbe Evia imetengana na bara kwa mkondo mwembamba tu, wenye daraja fupi. Chini yake maji yalikwenda kasi kama mto. Dereva alisema yatageuka na kurudi yalikotoka. Sikumsadiki, hadi siku nyingine nilipopita hapo nikayaona yamegeuka.

Asubuhi ya kwanza mahali pa kuchimba, Profesa Eleni, msimamizi wa kazi, alinikuta kivulini nimepakata mkoba.

"Wewe ni mlinzi au mgeni?"

"Vyote viwili."

"Basi nisaidie." Akaniwekea beseni, mswaki, na ndoo ya vigae vya vyungu.

Vingi vilikuwa vya udongo mwekundu wa pale pale. Siku ya nne nikaosha kimoja cheupe, chembamba, chenye miviringo myeusi. Nikamwita Profesa. "Hiki si cha hapa."

"Umejuaje?"

"Nimezaliwa Pate. Kwetu mvua ikinyesha, vigae vya Uajemi na vya China huibuka njiani. Tulivichezea utotoni. Kidole kinazoea."

Profesa akaketi chini kando yangu. Kile kilitoka mashariki, akasema, Kupro au pwani ya Lebanoni, na kilikuwa na umri wa karibu miaka elfu tatu. Wataalamu walibishana muda mrefu: je, watu wa mashariki ndio waliokileta, au ni watu wa Evia waliokwenda kukichukua?

"Hata kwetu," nikasema, "tuliambiwa majumba yetu yalijengwa na wageni."

"Nawe unasemaje?"

"Nasema bibi yangu hakuwa mgeni."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Jumapili tulitembelea makumbusho. Noora akanisimulia kaburi moja la kisiwani: mwanamke aliyezikwa na dhahabu, na karibu naye farasi wanne. Shingoni alikuwa na pambo la Babeli ambalo hata enzi zake yeye lilikuwa tayari la kale mno.

"Nani alimpa?"

"Hatujui," Noora akajibu, macho yakimng'aa. Nilishangaa. Sikuwahi kumsikia msomi akitamka neno hilo kwa furaha.

Wiki ya pili jua lilimwangusha Noora. Nikamlaza kivulini, nikamlowesha kichwa. "Usimwambie Baba," akanisihi. Sikumpa ahadi. Kesho yake alirudi shimoni, hijabu imejaa vumbi. Mara nikamsikia anapaza sauti, "Simameni! Miiko chini!" Wanaume wawili waliokuwa wakichimba kwa miiko ya mwashi wakasimama. Rangi ya udongo ilikuwa imebadilika. Walikuwa wanakaribia kuvunja sakafu ya nyumba ya watu.

Tuliporudi Doha joto lilitupokea mlangoni mwa uwanja wa ndege. Jioni Baba akaniita sebuleni. Noora alisimama ukutani, macho chini.

"Alichimba pamoja na wanaume?"

"Ndiyo, Baba. Na walimsikiliza."

"Aliugua?"

"Siku moja, kwa jua. Kesho yake akarudi kazini."

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya kile kigae cheupe. Akavaa miwani, akaikuza kwa vidole viwili.

"Nani alikipeleka huko?"

"Bado hawajui. Nimejifunza, Baba, kwamba hawaoni aibu kusema hivyo. Ndiyo maana wanachimba."

Akaitazama tena. "Noora, njoo ukae hapa. Nieleze."

Nikaenda jikoni kupika chai. Nilipoileta hawakuniona, nilipoirudia ilikuwa imepoa, haijaguswa, na Noora alikuwa anamchorea baba yake ramani ya bahari nyuma ya bahasha.