Mbuna wa Baba

Baba alipopigwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ulikufa na maneno yakamwishia. Alibakiwa na "ee" tu. Hiyo ndiyo aliyoitumia kukubali, kukataa, kuita na kulalamika, nasi tukajifunza kumsoma usoni. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa msimamizi wa ghala la mahindi la ushirika. Wafanyabiashara binafsi walipoanza kuingia vijijini na malori yao, wakinunua mahindi moja kwa moja kwa wakulima, ghala lile likabaki na panya, na yeye akarudishwa nyumbani. Kiharusi kilimkuta ameshika jembe, shambani kwetu Mshangano, Songea.

Mimi ni binti yake mkubwa, na kazi yangu ilikuwa uuguzi katika zahanati. Mama alikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo nilihamia kwa Baba nimtunze. Asubuhi nilimwogesha, nikamlisha uji, nikamkalisha sebuleni kwenye kiti chake cha mbao, kisha nikaenda kazini. Mama wa nyumba ya jirani alikuwa akimchungulia mpaka nirudi.

Wakati huo kaka yangu alikuwa dereva wa mtu mmoja kule Mbamba Bay aliyenunua samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Nyasa na kuwapeleka ng'ambo, wakafugwe kwenye vioo. Miaka ile biashara za kila namna zilikuwa zimeruhusiwa, zikizuka na kufa upesi. Ya mtu huyo nayo ilikufa. Kaka akaja nyumbani na tangi la kioo, pampu ya hewa, na ndoo yenye samaki hao waitwao mbuna, wengine wa bluu, wengine wa njano.

"Baba naye apate kitu cha kutazama," alisema. "Ukuta umemchosha."

Tukaliweka tangi mbele ya kiti chake, na kaka akaondoka kwenda kutafuta kazi nyingine.

Baba ndiye aliyeanza kuwalisha. Nilimkuta siku moja amechukua usipa, wale dagaa wa Nyasa, kutoka kwenye sahani yake, anawasaga kwa kidole gumba juu ya meza na kunyunyiza unga wao majini. Samaki wakaja juu wote kwa pamoja. Baba akageuka kunitazama, na uso ule sikuwa nimeuona tangu augue. Alikuwa mtu wa kulishwa, kuogeshwa na kuvalishwa na binti yake, na sasa kulikuwa na viumbe vilivyomsubiri yeye. Nikajaza usipa wakavu kwenye kopo, nikaliweka karibu na mkono wake mzima.

Masika ilipokwisha na baridi ya Songea kuanza kuuma, mbuna mmoja wa bluu aliacha kuja juu. Baba alimwona kabla yangu. Niliporudi kutoka kazini aligonga kioo kwa ukucha, akasema, "Ee, ee." Samaki alikuwa amejitenga nyuma ya jiwe, anapumua harakaharaka, na kinyesi kinamning'inia kama uzi mweupe. Baadaye tumbo likavimba mpaka magamba yakasimama. Nilidhani ni baridi. Nikafunika tangi kwa blanketi, nikawa nabadilisha maji kidogokidogo, nikiongeza ya uvuguvugu. Akafa. Nikamzika kwenye migomba, na nilipoingia ndani nikamkuta Baba anamtazama wa pili, naye amejificha kulekule nyuma ya jiwe.

Mtu akija zahanati na tumbo la namna ile, tunamwuliza habari za choo, mkojo, na chakula alichokula. Samaki huwezi kumwuliza. Nilikwenda Msamala kwenye duka la dawa baridi, maana maduka hayo yalikuwa yameanza kufunguliwa kila mtaa, nikaomba haluli ya kulainisha tumbo na vidonge vya metronidazole, vya kuua vijidudu vya tumbo.

"Mgonjwa ana umri gani?" muuzaji aliniuliza.

"Ni samaki."

Alinitazama aone kama natania. Alipoona sicheki, akafunga dawa kwenye karatasi, akanipa.

Nilifika nyumbani nikamkuta yule wa pili ameshakufa. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua linaingia mpaka kwenye meza. Nikachukua wembe na kibao, nikakaa mbele ya Baba, nikampasua. Maji yalimtoka tumboni kabla ya kitu kingine chochote. Kisha nikauona utumbo.

Nimetumbua samaki tangu utotoni. Mbasa, anayekula samaki wenzake, utumbo wake ni mfupi. Wa huyu ulikuwa umejikunja na kujikunja tena, kama kamba iliyowekwa mfukoni. Baba akanyoosha mkono wa kushoto, akaushika ncha, akauvuta taratibu juu ya kibao. Ukawa mrefu kuliko samaki mwenyewe, na bado ukaendelea kutoka. Yeye alikuwa amechinja mbuzi wengi katika maisha yake. Hakuhitaji kufundishwa utumbo mrefu ni wa mnyama gani.

"Baba," nikasema, "huyu ni mla majani."

"Ee." Ilitoka chini sana.

"Usipa wamekuwa wazito kwao. Tumbo limeshindwa."

Akaangalia lile kopo. Kisha akafunika macho kwa kiganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilimwambia kwamba hakujua, kwamba wala mimi sikujua, na kwamba aliyewaleta hakutuambia. Hayo yote yalikuwa kweli, na hayakumsaidia. Alisukuma kopo mpaka likaanguka sakafuni. Akanionyesha kwa mkono nimgeuze, nikakigeuza kiti, naye akawapa samaki kisogo. Jioni hiyo hakula. Kesho yake nayo alifumba mdomo kila nilipoleta kijiko.

Nikaendelea kuwatibu mwenyewe. Niliwanyima chakula. Nikaweka haluli kidogo majini, nikasaga kipande cha kidonge, nikapunguza maji na kuongeza mapya. Mmoja zaidi alikufa. Lakini yule mkubwa wa njano, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kujaa, nilimkuta asubuhi moja ametoa kinyesi cheusi, kizito.

"Baba, amepata choo," nikasema.

Kwa muuguzi hiyo ni habari njema sana, nami niliitoa kwa sauti ya wodini. Baba aligeuza shingo. Siku hiyo alikula uji nusu bakuli.

Kaka alipopita tena kutusalimu, nilimweleza yaliyotupata.

"Kule ziwani kutwa nzima midomo yao iko kwenye mawe," akasema. "Wanakwangua ule ukijani. Mimi nilikuwa naendesha gari tu, sikufikiria."

Nikaokota mawe mtoni, nikayapanga kwenye beseni la maji, nikaliweka uani juani. Yalipoanza kuota utelezi wa kijani, mimi na mama wa jirani tukambeba Baba na kiti chake mpaka pale.

"Mchana mimi sipo," nikamwambia. "Yanatakiwa yageuzwe, upande wa chini nao upate jua. Na yaliyo tayari yaingie ndani."

Alikaa akiyatazama muda mrefu, mkono mapajani. Hakuyagusa siku ile. Baada ya siku chache mama wa jirani aliniambia alimwona anainama kwenye beseni. Ikawa ndiyo kazi yake. Anageuza jiwe, anapapasa kama limeshika ukijani, na lililo tayari analiweka pembeni nilitie kwenye tangi nikirudi. Mbuna wakalizunguka na kuanza kukwangua, na Baba, kiti kimerudi mahali pake, akawatazama mpaka giza.

Aliishi hivyo mpaka kiharusi cha pili kilipomchukua, mwanzoni mwa mvua. Kwenye msiba alikuja mzee mmoja aliyefanya naye kazi ghalani. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti, naye akakaa mbele ya tangi.

"Hawa nao wanakula nini?" akauliza.

Nikampeleka uani, nikamwonyesha beseni, nikamweleza ilikuwa kazi ya nani. Mzee akakunja mkono wa shati. Akainama, akageuza jiwe moja, akalirudisha majini polepole, kisha akageuza na la pili.