Mkia wa Ledi Ogasta

Harufu ya naftalini hunirudisha Kasoli, kijijini kwetu. Juzi nilifungua sanduku la marehemu Mama, ikanipiga puani, nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Mama yangu Minza alikuwa fundi cherehani. Soko huria lilipokuja, marobota ya mitumba nayo yakaja, na wateja wakamkimbia. Nani angeshonesha gauni, na la Ulaya limetandazwa chini mnadani? Cherehani ikafunikwa kitenge.

"Mavuno yakiisha tunaiuza, tununue maksai," Baba alisema.

Siku ya mnada Mama akarudi na gauni la hariri ya kijani, lenye mkia wa kuburuza. Nilinuna, maana mimi nilitaka viatu. Ndani ya shingo palidariziwa jina, na jirani yetu mwalimu akatusomea: Ledi Ogasta, mtu wa ukoo wa wakubwa wa Uingereza.

"Analima nini huyo?" Mama aliuliza.

"Ledi halimi, mayu," mwalimu alisema, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu. "Kazi yake kualikwa kwenye madansi na kushindana kupendeza na wenzake."

"Kumbe ni mtu wa mbina!" Mama alifurahi kama aliyepata ndugu.

Mbina ni ngoma zetu za baada ya mavuno. Vikundi viwili hucheza uwanja mmoja, saa ileile, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kikundi cha Mama kilikuwa kimezoea kushindwa. Basi alilifumua gauni, mshono kwa mshono, akachora kila kipande kwenye mifuko ya saruji, akashona magauni tisa ya kitenge, yote na mikia.

Siku ya mbina, kule kijiji cha Nkoma, Mama na wenzake waliingia wakiburuza vumbi. Watu wakaanza kutuhamia. Hadi mcheza chatu wa wapinzani alikuja kutazama, chatu wake shingoni! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Asubuhi wanawake walijaa mlangoni wakiamkia. "Mwangaluka, mayu! Na mimi nataka mkia." Safari hii Baba mwenyewe aliifunua cherehani, akaitia mafuta.

Miaka mingi nilijigamba kwamba Mama alimwiga Ledi akampita. Lakini juzi niligeuza shingo ya gauni lake lililobaki sandukuni, nikakuta nyuzi nyekundu: Minza, fundi, Kasoli. Nikakumbuka kwamba alidarizi hivyo kwenye kila gauni la mteja. Ledi Ogasta aliandikwa jina kwa sababu alilivaa lile gauni la kijani. Fundi aliyelikata na kulishona hakuandikwa popote, na Mama peke yake, alipokuwa akifumua, ndiye aliyemtafuta fundi huyo, mshono kwa mshono.