Siku Nilipoishangilia Newala

Mimi sikuufuata mpira wa kikapu. Wenyewe ndio ulionifuata kwenye korosho zangu. Nyumba yangu hapa Masasi imepakana na chuo cha ualimu, na chuo kina uwanja wa saruji wenye nguzo mbili na ringi mbili. Kwa macho ya mkulima ule haukuwa uwanja, ulikuwa mahali pa kuanikia. Msimu mmoja, wanachuo wakiwa likizo, nilielewana na mlinzi, nikamwaga korosho kuanzia ringi hii hadi ile, nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwenye akili kuliko majirani zangu wote.

Nilipokwenda kuzigeuza alasiri, nikazikuta zimo ndani ya magunia, zimefungwa vizuri kuliko ninavyofunga mimi, na wasichana wa chuo wanakimbizana na mpira. Walikuwa wamewahi kurudi kwa ajili ya mazoezi. Nilikuwa nimejaa maneno mdomoni. Nikaketi juu ya gunia nivute pumzi kabla ya kugomba, na hapo hapo msichana mmoja mfupi, mwenye jezi namba saba, akaurusha mpira kutoka mbali kabisa, ukapita katikati ya ringi bila kuigusa. Niliruka nikapiga ukelele, "Gooooli!" Timu nzima ikaacha kucheza ikanitazama.

"Siyo goli, mjomba," akasema namba saba. "Hizo ni pointi tatu."

Nikamwambia mimi nimeona mpira umeingia mara moja tu, hizo mbili nyingine wamezipata wapi? Walicheka mpaka wakakaa chini. Nami, badala ya kukasirika, nikarudi kesho yake kuulizia zile mbili nyingine, na tangu hapo sijawahi kuondoka.

Waliniita mjomba kwa adabu tu, kama wanavyomwita muuza maandazi. Kosa langu ni kwamba nililichukulia neno lile kwa uzito wa kwetu. Sisi Wamakonde mtoto ni wa mjomba wake. Baba atalisha, baba atasomesha, lakini siku ya kumwoza binti, mjomba asipokuwepo hakuna mazungumzo, hata wageni wawe wametoka mbinguni. Basi nikajiona nimekabidhiwa timu nzima. Nilihudhuria mazoezi kuliko kocha. Niligombana na marefa juu ya sheria ambazo sikuzijua. Kwa mwaka mzima niliamini kwamba msichana akipuliziwa filimbi kwa kutembea na mpira mkononi bila kuudunda, huo ni uonevu, maana mpira ni wake na miguu ni yake. Nikanunua filimbi yangu ili nisawazishe mambo. Niliipuliza mara moja tu. Wachezaji wote walisimama, namba saba akiwa peke yake mbele ya ringi ya wapinzani, na refa akaja kuichukua kinywani mwangu mwenyewe, kama anavyonyang'anywa mtoto embe bichi.

Sasa, dada yangu mkubwa ameolewa Newala, na ana binti mmoja. Huyo ndiye mpwa wangu wa damu, aliyestahili mjomba mwenye akili timamu. Alikuwa na mchumba wake, kijana mpole, mwalimu wa shule ya msingi, na walikuwa wamesubiriana muda mrefu. Hatimaye siku ya posa ikapangwa: Jumamosi, baada ya alasiri, nyumbani kwa dada. Mimi ndiye nitakayepokea wageni na kusema neno la ukoo.

Nilipoambiwa tarehe nilifurahi mno, hata dada akashangaa. Hakujua kwamba Jumamosi hiyo hiyo mchana, chuo chetu kilikuwa kinapanda Newala kucheza na chuo cha kule. Mpwa wangu alinijua zaidi. Alinipigia simu, "Mjomba, hiyo siku ndiyo maisha yangu. Nakuomba sana, mambo ya mipira acha."

"Mipira gani?" nikamuuliza, huku nikikunja jezi.

Mechi ilichelewa kuanza kwa sababu refa alichelewa, nami nikajiambia nitaangalia robo ya kwanza tu. Kandokando yangu aliketi mzee mmoja nadhifu, kavaa kofia nyeupe ya kudarizi, anaishangilia Newala kwa sauti ya kunichokoza. Nikamsikiliza lafudhi. Songea tupu! Nikasema moyoni, Mungu ameniletea Mngoni, mtani wangu, nimpe haki yake. Mtani hana pa kushtaki. Unaweza kumtukana msibani, unaweza kumficha kiatu, na yeye ndiye atakayechekwa akinuna.

Basi nikaanza. Nilimuuliza kama Newala siku hizi wanaoga kwa kikombe au bado kwa kijiko, maana shida yao ya maji inajulikana. Alinitazama tu. Nikaona huyu mtani ananyamaza ili anivizie. Namba saba alipotupia pointi tatu, nikamvua kofia, nikajipepea nayo. Robo ya pili nikajifutia jasho. Robo ya tatu, mambo yalipokuwa magumu, nikaikalia. Mimi nilidhani nimemweza.

Tulishinda. Nikakumbuka posa jua likiwa limeshaegemea, nikamrushia kofia yake, nikavaa kanzu juu ya jezi, nikapanda bodaboda mpaka kwa dada. Nilifika sina sauti, nimeimaliza uwanjani. Wageni walikuwa mkekani tangu alasiri, nao wanaomba radhi, kwamba mjomba wa bwana harusi, msemaji wao, bado hajafika. Nikashukuru Mungu kwamba kumbe si mimi peke yangu mwenye dosari. Dada yangu aliitazama jezi iliyochungulia shingoni mwa kanzu yangu, akanifungia kifungo taratibu. Hilo lilinitisha kuliko matusi.

Hodi ikapigwa. Akaingia yule mzee, kichwa wazi, kofia mkononi imelala kama chapati.

Niseme nini? Hakuna watu wawili wanaotofautiana kama mtani na mkwe. Mtani unamvua kofia. Mkwe humtazami usoni, humsemeshi "wewe", unamsemesha kwa wingi kama vile wako wengi, na ukimwona njiani unampisha na baiskeli yako. Nami mkwe wangu nilikuwa nimemkalia kofia kuanzia robo ya tatu hadi mwisho.

"Nimefundisha Songea miaka mingi," akasema taratibu, akiketi. "Lafudhi imeniganda. Lakini mimi ni Mmakonde, kitovu changu kimezikwa hapa hapa Newala."

Nilijaribu kuomba msamaha. Ikatoka sauti ya jogoo mwenye mafua.

"Nisameheni, mkwe," nikakoroma. "Nilidhani ninyi ni mtani."

Akawageukia wenzake. "Nyumba ambayo mjomba wake ndiye huyu, tutakuja kuzungumza na nani siku kukiwa na jambo?" Wageni wakaanza kutafuta viatu kwa macho. Nyuma ya pazia la chumbani nikasikia mtu anapumua kwa shida, nikajua ni mpwa wangu, na moyo ukaniuma kweli kweli.

Dada yangu akapiga magoti mbele ya mgeni. Mwanamke yule hajawahi kumpigia magoti mtu kwa sababu yangu, na mambo niliyomfanyia ni mengi. "Mkwe, kosa lina faini," akasema. "Tajeni faini."

Mzee akaikunjua kofia yake, akaitazama, akaiweka gotini. Aliposema, niliona kwamba na yeye ana ugonjwa ule ule.

"Jumamosi ijayo ni marudiano, huko kwenu Masasi. Huyu bwana akae upande wetu. Avae rangi yetu. Aishangilie Newala mbele ya watu wake wote mpaka filimbi ya mwisho. Akifanya hivyo, tutarudi kuzungumza."

Kila mtu akanigeukia. Nami, Mungu ananiona, nikaipapasa jezi yangu chini ya kanzu. Nilikuwa namfikiria namba saba. Nilikuwa nafikiria ile siku waliyokuja wote kunitazama nilipolazwa na malaria, wakakaa kitandani kwangu wakinisimulia mechi niliyokosa. Nilikuwa nafikiria kama kuku angefaa badala yake.

Pazia likafunguka. Mwari haonekani siku ya posa, lakini mpwa wangu alitoka mpaka katikati ya mkeka, macho yamejaa machozi.

"Mjomba," akasema. "Unafikiria?"

Jumamosi iliyofuata nilivuka uwanja wangu mwenyewe nimefungwa kitambaa cha njano shingoni, cha Newala. Mpwa wangu alikuja nami, hakuniamini hata kidogo. Mkwe alikaa upande wangu wa pili, kofia imepigwa pasi. Wasichana wangu waliponiona walidhani ni mzaha, wakacheka, wakanisubiri nirudi. Kipyenga kilipolia bado niko kule kule, walikoma kucheka. Nilipiga makofi Newala ilipofunga. Sisi tulipofunga niliuma ulimi. Nilikuwa nimepata sauti yangu yote wiki ile, bahati mbaya.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na namba saba akafanyiwa faulo. Anapewa mitupo miwili, anasimama peke yake mbele ya ringi, hakuna ruhusa ya kumkaba. Kitu pekee ambacho wapinzani wanaweza kumfanyia ni kelele. Upande wa Newala wote ukapiga kelele.

"Mkwe," mzee akaniambia, kwa upole sana. "Hatuwasikii."

Nikamtazama mpwa wangu. Nikafumba macho, nikapiga ukelele.

Nilipofumbua, namba saba alikuwa ameshageuza kichwa. Katika kelele za watu wote wale aliijua ya kwangu. Akarusha, mpira ukagonga ringi ukatoka. Akarusha wa pili. Huo haukugusa hata ringi.

Miaka yote ile niliwapigia kelele za kuwasaidia, wala sijui kama ziliwahi kuwaongezea pointi hata moja. Kelele moja tu ya kuwaangusha, ikafanya kazi.

Filimbi ikalia. Mkwe akanipa mkono mbele ya watu wote, akanishika muda mrefu, akasema watakuja keshokutwa na wazee wao. Watu wa Newala walikuwa wanaruka. Mpwa wangu, ambaye hajui hata ringi ipi ni ya nani, alinishika mkono mwingine kwa nguvu.

"Mjomba, tumeshinda?"

Ng'ambo ya uwanja wasichana wangu walikuwa wanaokota chupa zao za maji, na namba saba amejifunika uso kwa jezi.

"Tumeshinda, mwanangu," nikamwambia.