Zege la Siku ya Upepo wa Kaskazini

Uesile Taufa alikuwa mtu wa kukataa. Sisemi alikuwa mkali. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti nzito iliyobeba safu nzima ya wanaume wa kwaya kanisani. Lakini suala likiwa ni kumwaga zege, alikataa kama mtu anayelipwa kwa kukataa. Mteja anapiga simu, anataka njia yake ya gari imwagwe Jumanne, kwa sababu wageni wanakuja Jumamosi. Uesile anatoka nje, anageuza shingo kaskazini, anageuza kusini, anaangalia mawingu kwenye simu, anasema Jumanne hapana. Mteja alie, mteja atukane, jibu ni lile lile. Jumanne alasiri mvua ya mawe inaitwanga Melton nzima, na jioni mteja anapiga tena, safari hii kwa adabu.

Sisi wa upande huu wa magharibi wa Melbourne hatushangai. Asubuhi unatoka na koti, mchana unatafuta kivuli, alasiri unakumbuka koti umeliacha wapi. Wengine hulalamika tu yakaisha. Kwa fundi wa zege la mapambo, lile la kokoto zinazoonekana juu, hiyo ni vita ya kila siku. Ukishalimwaga na kulisawazisha, unalipulizia dawa ya kuchelewesha ngozi ya juu isishike upesi. Wazee walitumia maji ya sukari, na Uesile aliiamini sukari kuliko chupa yoyote ya dukani. Halafu unangoja. Chini likishika na juu likiwa bado laini, unaliosha kwa maji, na kokoto zinajitokeza nyeupe, nyekundu na nyeusi, mtu akadhani zimepangwa moja moja kwa mkono. Ukiosha mapema, zinang'oka. Ukichelewa, umebaki na sakafu ya gereji. Jua linaharakisha, baridi inachelewesha, na mvua haiulizi mtu. Hata likishakauka, kila baada ya miaka michache linataka kupakwa upya dawa yake ya kung'arisha, na ukiipaka siku ya unyevu inageuka nyeupe kama maziwa. Basi Uesile alikataa kumwaga, na alikataa kupaka, na watu walimngoja kwa sababu kazi yake haikuwa na mfano.

Kwake mwenyewe kulikuwa na tope. Mkewe Kalolaine, ambaye wote tunamwita Kalo, alikuwa akisema mtaa mzima unatembea juu ya kokoto za mume wake, ila yeye ndiye anayetoka kwenda kanisani na viatu mkononi. Uesile alimjibu kwamba siku nzuri haijapatikana. Siku nzuri zote, bila shaka, zilikwenda kwa wateja.

Hapo ndipo Vika alipofika kutoka Nuku'alofa, kwao visiwani Tonga. Vika ni dada yake Uesile, na alikuja kwa ajili ya sherehe ya Lupe, binti wa Uesile na Kalo, kutimiza miaka ishirini na mmoja. Mtonga haambiwi dada ni nani. Dada yuko juu ya kaka yake, na shangazi yuko juu ya watoto wote wa kaka. Siku ya sherehe yeye ndiye atakayekaa mbele na kupewa mkeka ulio bora. Kaka hamtanii dada yake, hambishii, hajinyooshi kwenye kochi mbele yake. Uesile, aliyezoea kucheka mpaka madirisha yanatetemeka, alianza kula jikoni na kupita sebuleni ameinama kama mwizi wa kuku.

Asubuhi moja, kwenye chai, Vika akasema na Kalo.

"Wifi, kesho kutwa naenda Sydney kwa kina binamu, nitarudi siku ya sherehe. Kesho ningependa nimwone mdogo wangu akifanya kazi. Sijawahi kumwona. Afanye hapa hapa nyumbani, tope hili liishe."

Kalo alilichukua neno hilo mpaka jikoni, ingawa jikoni ni pale pale na Uesile alikuwa amesikia kila kitu. Alimkuta ameshika simu, ameduwaa. Utabiri ulisema kesho kungekuwa na joto la kuua, upepo wa kaskazini kutoka jangwani, kisha alasiri upepo ungegeuka utoke kusini na kuleta mvua.

"Si umwambie hapana?" Kalo alinong'ona. "Mbona mchungaji ulimkatalia mbele ya kanisa zima?"

"Mchungaji si dada yangu."

Akampigia Latu, binamu yake na msaidizi wake wa miaka mingi, akamwambia aagize lori la zege. Latu alimuuliza kama ana homa. Akasema kesho hata mjusi hatatoka nje. Uesile akarudia kwamba aagize lori, na akaongeza kuwa kesho hakuna kutukana, maana Vika atakuwa barazani. Latu akasema kwamba joto angelivumilia, lakini hilo la pili ni mtihani.

Lori lilifika asubuhi na mapema, na tayari upepo ulikuwa wa moto kama mtu amefungua mlango wa oveni. Vika alikaa barazani, mkeka umefungwa kiunoni kama wafanyavyo Watonga siku za heshima, mwavuli mkononi. Kazi ya zege bila matusi ni kazi ngumu sana. Watu wale walisukuma toroli na kuvuta ubao kimya kimya, wakisema "tafadhali" na "samahani, ndugu", na Kalo dirishani alikaribia kupasuka kwa kicheko. Kila walipomaliza kipande, Vika alipiga makofi.

Uesile hakucheka. Upande wa uzio, penye jua, zege lilishika kabla sukari haijapata nafasi ya kufanya chochote. Upande wa nyumba, penye kivuli, lilikuwa bado uji. Akawa anakimbia huku na huku, pipa la kupulizia maji mgongoni, akijaribu kulifanya zege lote lishike kwa wakati mmoja. Alasiri upepo ukakoma. Kila mtu akainua kichwa. Halafu ukarudi kutoka kusini, wa baridi, ukiwa na mvua ndani yake. Wakakimbilia nailoni ya kufunikia zege wakaitandaza, upepo ukaipokonya ukaipeleka kwenye paa la jirani. Latu alifumbua kinywa, akatazama barazani, akakifumba, akakifumbua tena.

"Aleluya," alisema, kwa hasira ambayo neno hilo halijapata kubebeshwa.

Asubuhi iliyofuata mambo yalikuwa wazi. Kwenye uzio palikuwa na upara laini wenye nyufa. Kwenye nyumba kokoto zilikuwa zimeng'oka na kuacha mashimo. Katikati tu, kipande cha upana wa mlango, zege lilikuwa zuri kama la kwake siku zote, na uzuri huo ndio uliomuuma zaidi. Kanisa zima lingekuja kwenye sherehe, pamoja na nusu ya wateja wake. Kwa siku mbili mfululizo alikuwa amenyamaza kwa heshima, na sasa heshima hiyo ilikuwa imelala mbele ya nyumba yake, imepasuka.

Vika akatoka na sanduku lake. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa linangoja. Akautazama ua kutoka upande mmoja hadi mwingine, akatabasamu.

"Zuri sana. Asiliguse mtu. Siku ya sherehe kiti changu nataka kiwe hapa hapa."

Latu alitazama viatu vyake. Kalo alimtazama mume wake. Uesile alijua kwamba akinyamaza sasa, atanyamaza daima, na atakaa juu ya zege lile akipokea pongezi za uongo mpaka afe.

"Dada," alisema. "Si zuri."

"Mimi nimesema ni zuri."

"Hapana, dada. Ni bovu. Limepasuka, na kipupwe kimoja tu kitalimaliza. Nitalivunja." Alilisema hilo lote akiwa anatazama chini, sauti yake kubwa imekwisha kabisa.

Vika alikaa juu ya sanduku lake.

"Jana ulijua litaharibika?"

"Nilijua tangu juzi."

"Na hukusema."

"Wewe ndiye uliyeomba."

Kalo alishaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi kwa niaba ya mumewe.

"Tangu mama afariki," Vika alisema, "hakuna aliyenikatalia kitu. Nikisema chakula kitamu, kitakuwa kitamu. Nikisema mvua haitanyesha, watu wanaacha miavuli nyumbani wanalowa. Mnafikiri ni raha? Nimezungukwa na watu wanaonipenda, na hata mmoja hasemi na mimi."

Uesile akainua macho. Alimwona dada yake mzee, amechoka, na alimwonea huruma, jambo ambalo hakuwahi kufikiri kwamba kaka anaruhusiwa.

Gari liliondoka tupu, na Sydney ikaambiwa ingoje. Wakavunja zege siku hiyo hiyo, na kwa kuwa Vika aliwaambia wazi kwamba kazi ya jana ilikuwa kama mazishi, Latu akapewa ruhusa ya kutukana kwa kiasi. Kisha wakangoja siku ya mawingu, isiyo na joto wala upepo. Ilipofika, Uesile alimwaga, akapulizia sukari yake, akakaa barazani, kiti chake mbali kidogo na cha dada yake, kungoja saa ya kuosha.

Vika akauliza kama haiwezekani kutia rangi ya buluu kidogo, ifanane na gauni la Lupe.

"Hapana," alisema Uesile. "Itapauka."

Vika akacheka peke yake kwa muda mrefu, akafuta macho kwa kitambaa. Baada ya kitambo kidogo aliuliza tena habari ya buluu, na mpaka leo Kalo anaapa kwamba aliuliza makusudi, apate kukataliwa mara ya pili.