Magauni Yasiyo na Watu

Kuna siku moja haiishi kunijia, mjukuu wangu, kila nikuonapo umeinamia karatasi zako ukichora magauni, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Ilikuwa kiangazi, hapa hapa kijijini Mpemba, enzi za Mwingereza, na mimi nilikuwa msichana ambaye bado hajaposwa. Kaka yangu Aroni alikuwa anaoa. Bibi harusi, Rebeka, angetoka kijiji cha Mbangala, na kwa kuwa ni mimi tu dada niliyebaki nyumbani, nilipewa kazi ya kuisiriba nyumba yao kwa udongo mweupe kabla hajafika.

Kusiriba sikuanza siku hiyo. Mkono wangu ulikuwa mwepesi na nilijisifu wazi wazi, maana unyenyekevu ulinijia uzeeni, na hata huo si mwingi. Lakini safari hii kichwani nilikuwa na jambo jingine. Siku chache nyuma nilikwenda sokoni Tunduma na shangazi, nikawaona wake za watu waliofanya kazi migodini ng'ambo, Rodesia. Magauni yale, mwanangu! Mabega yamefura kama maandazi, kiuno kimebanwa kwa mkanda, chini marinda yanafunguka na kujifunga kila mwenyewe akipiga hatua. Sikutamani kulivaa hata moja, na hilo watu hawakunielewa. Nilitamani kulijua: rinda linaanzia wapi, linaishia wapi, mkono unashikanaje na bega. Nililala nayo, nikaamka nayo.

Basi ukuta ulipokauka nikachukua mkaa na udongo mwekundu, nikachora. Gauni la kwanza lilitoka limepinda upande. La pili likanyooka. La tatu, kando ya mlango, nilipovuta rinda la mwisho kwa kidole, moyo ulinidunda nikacheka peke yangu. Njaa sikuisikia, jua sikuliona likipanda. Furaha ile sijaipata penye jambo jingine, na mimi nimeolewa vizuri na nimezaa.

Shangazi alipokuja akashika kichwa. "Umefanya nini wewe? Wageni wako njiani! Siriba upya, futa yote, na nisikuone tena na mkaa mkononi."

Nilidhani ameona uchafu tu. Kumbe nilikuwa nimechora magauni matupu, bila kichwa wala miguu, yananing'inia ukutani. Na kwetu nguo za mtu zikitundikwa ukutani zote pamoja, mwenyewe hayupo, ni nguo za marehemu zinazongoja kugawiwa. Wanawake wa Mbangala wangemleta binti yao kwenye nyumba mpya wakakuta matanga mlangoni. Wangeweza kabisa kugeuza naye.

Nikachota udongo nifute, machozi yananitoka. Sikulia kwa sababu ya harusi, nisikudanganye. Nililia kwa kuambiwa nisishike tena mkaa.

Hapo akatoka bibi yangu, mama yake shangazi na baba, kiko mdomoni. Akautazama ukuta kwa muda, akipuliza moshi polepole.

"Hizi anavaa nani?" akauliza.

"Hakuna, bibi."

"Ndiyo maana zinatisha. Hao wanawake wa sokoni hawakuwa na vichwa? Watie watu humo, na fanya upesi."

Shangazi akaguna, lakini mama yake hakuwa mtu wa kubishiwa. Nikaanza. Gauni lililopinda nikampa jirani yetu mama Yakobo, ambaye alitembea ameinama upande kwa mazoea ya jembe begani. Likamkaa sawasawa, kana kwamba lilikuwa lake tangu mwanzo. La pili nikampa bibi, na kiko chake, na miguu pekupeku chini ya marinda. La tatu, lile zuri, nilitaka liwe la bibi harusi, ila sikuwa nimemwona hata siku moja. Nikamchora ametupa mgongo, mzigo kichwani, anaingia ndani.

Nilikuwa bado nanawa mikono walipofika. Kwetu siku zile bibi harusi hakusema neno ukweni mpaka apewe zawadi ya kumfungua kinywa. Rebeka alikuja amefunikwa kitambaa, kichwa chini, wanawake wa kwao wamemzunguka. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya ukuta, ametandaza khanga kama anayekinga upepo. Rebeka akainua macho kidogo. Mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikajua analia.

Alikuwa anacheka. Na kabla hajapewa zawadi, sauti ikamtoka: "Huyu bibi mwenye kiko na mkanda ni nani?"

Wanawake wa kwao wakamgeukia wote kwa pamoja. "Ni mimi," bibi akajibu, "na gauni limenibana."

Walicheka wa kwetu, wakacheka wa Mbangala, hata shangazi akaishusha khanga yake. Baadaye Rebeka akanisogelea, akaninong'oneza, "Na huyu aliyetupa mgongo?"

"Ni wewe, wifi. Sikuijua sura yako."

Akakifunua kitambaa. "Basi itazame."

Masika yaliusafisha ukuta ule wote, na kila kiangazi nikauchora upya. Tangu mwaka uliofuata Rebeka alitazama mbele.

Kwa hiyo chora, mwanangu. Usingoje kulipata gauni ndipo ulichore, wala usingoje wa kukusifu. Ukiusikia ule moyo unadunda, inatosha. Ila nimezitazama karatasi zako, na wasichana wako warefu wembamba simfahamu hata mmoja. Mtazame kwanza mtu anavyosimama, mama yako, au yule muuza ndizi pale barabarani, kisha umshonee kwa kalamu. Nguo iwe ya mtu.

Mungu akupe macho yasiyochoka kuwatazama watu, na mkono usiotetemeka mpaka uufikie umri wangu. Na ukipata nafasi nichore na mimi, gauni lenye marinda mengi. Miguu niachie pekupeku.