Maiki ya Usawa wa Goti

Jumamosi alasiri, mvua ikinong'ona juu ya bati, niliingia ukumbini Kyela nikakuta vikundi viwili vikijaribu vyombo. Spika zilikuwa za wafanyabiashara wa mjini wanaopiga taarab, maiki ilikuwa ya kwaya kutoka kijijini Bujonde. Tangu soko huria lije kila kitu kipo dukani, ila hakuna mwenye seti nzima.

Mama wa kwaya akasogelea maiki, iliyosimama usawa wa kinywa. "Mugonile," akawaamkia kwa lugha ya kwao wazee waliokaa mbele, na kama alivyolelewa, akapiga goti. Sauti ikapotea. Fundi mitambo akaiongeza. Mama alipoinuka kuimba, spika zikapiga yowe.

"Mama, salamu tumezisikia. Jaribu ukiwa umesimama," fundi akamwambia.

"Baba, niwaamkie wazee nimesimama kama mlingoti?"

Wakarudia mara nne. Akipiga goti, kimya, akisimama, yowe. Mwimbaji wa taarab, bwana mrefu mwenye kanzu, akasonya.

Mwishowe fundi akaifunga maiki kwa mpira juu ya kreti ya soda. "Mugonile," ikasikika, laini, kana kwamba ziwa la hapo jirani limebisha hodi. Wazee wakaitikia, "Ndaga." Kwaya nzima ikaimba imepiga magoti, nami nikasahau kilichonileta.

Zamu ya bwana mrefu ilipofika, fundi alikuwa ameshakwenda kunywa chai, hakuna wa kuipandisha maiki. Bwana akaitazama kreti, akawatazama wazee. Taratibu akakusanya kanzu yake, akachuchumaa.

"Shikamooni."

Kila siku tunalalamika kwamba mjini adabu imekwisha. Mimi nadhani maiki tuliziweka juu mno.