Mbegu Alizozipanda Mama Mkwe Vumbini

Karanga mbichi sili. Mtu akizimenya karibu yangu nahama kiti. Wajukuu wangu hudhani zinanidhuru, nami huwaacha wadhani hivyo, maana mgonjwa haulizwi maswali mengi. Kweli ni kwamba ninapoisikia harufu yake, ile ya ubichi na vumbi, ninajiona nilivyokuwa mwaka ule, nimechuchumaa shambani kwa mama mkwe wangu na mdomo umejaa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa miaka ya sabini, katika kijiji kilichoko kati ya Bugarama na Kharumwa. Mvua ilipokosekana mwaka wa pili mfululizo, mume wangu alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, akaniacha na mimba changa na mama yake. Huyo mama alikuwa mjane, kiongozi wa maombi ya akina mama kila Jumatano, na watu walimjua kwa jambo moja: alikuwa akimshukuru Mungu kabla ya kupewa.

Wengine waliomba mvua. Yeye hakuomba, alishukuru. Alifagia kihenge kitupu, akakikandika udongo mpya palipopasuka. Alikwenda kwa jirani kuazima magunia matatu.

"Ya kuwekea nini?" jirani akamuuliza.

"Karanga."

"Karanga zipi, mayu?" Ndivyo tunavyomwita mama kwetu. "Hata hujapanda."

"Nitapanda. Wewe nipe magunia."

Wanaume waliokuwa pale walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona aibu, kisha nikaona kinyaa. Sitasema uongo ili nionekane mwema: imani yake ilinitia kinyaa. Tulikuwa tunakula michembe ya mwaka juzi, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na ukivimwaga kwenye ungo vilisogea vyenyewe kwa wingi wa wadudu. Alipepeta, akachemsha, akafumba macho na kumshukuru Mungu kwa karamu. Alisema karamu. Mimi sikufumba macho. Nilimwangalia mdudu mmoja akipanda ukingo wa sufuria huku shukrani zikiendelea, na alipofika kwenye amina nilitamani kumwambia afunge mdomo wake.

Na muda wote huo, juu ya dari la jikoni kulikuwa na kibuyu kilichozibwa mdomo kwa mavi ya ng'ombe. Ndani mlikuwa na karanga za mbegu. Njaa ya mwaka mzima ilipita chini ya kibuyu kile na hakukigusa. Nilikijua kilipo, niwe usingizini au niwe macho.

Mwisho wa mwezi wa kumi alikiteremsha. Mbingu ilikuwa kavu, hata wingu la kusingizia halikuwepo. Alizichanganya zile karanga na majivu, mavi mabichi ya ng'ombe na maji ya mwarobaini, ili mchwa na panya wazikatae, kisha tukaenda kupanda. Matuta yalikuwa magumu, jembe liligonga na kuruka. Kila shimo alitia mbegu mbili na kusema asante. Nilimfuata nyuma nikifukia.

"Mayu, na mvua isiponyesha?"

"Itanyesha, ng'wanawane. Mwenye mvua ndiye aliyenituma."

"Alikutuma lini?"

Akacheka, akaniita mwanangu tena, safari hii kwa Kiswahili. "Wewe fukia vizuri, mwanangu. Shimo likiachwa wazi kanga hachelewi."

Kazi yangu baada ya hapo ikawa kulinda shamba asubuhi, nifukuze kanga na kwale. Siku mbili nililinda kweli. Siku ya tatu nilifukua shimo moja. Wanasema mwenye njaa hana miiko, lakini anayesema hivyo mara nyingi ameshiba. Miiko nilikuwa nayo, niliisikia ikinisema, na bado nilifukua. Niliifuta karanga kwenye kitenge. Haikufutika. Ilikuwa chungu kwa mwarobaini, na chini ya uchungu kulikuwa na zizi la ng'ombe, kabisa, na majivu yaliyokwaruza meno. Nilitaka kutapika. Nikafukua nyingine.

Mwanzoni nilichukua moja kila shimo, nikaacha moja, mwizi mwenye adabu zake. Baada ya wiki nilichukua zote mbili. Kila shimo nililifukia na kulisawazisha kwa kiganja kama nilivyofundishwa, mpaka usingejua kwamba mtu amepita. Nilikula matuta kumi na mawili, yote ya upande wa kichuguu.

Asubuhi moja alinijia polepole kwa nyuma. Nilipogeuka nilikuwa na udongo kwenye midomo, kwenye kidevu, na kiganja kimefumbwa. Yeye akaniangalia mdomo, akaangalia tumbo, akapiga makofi na kucheka.

"Kumbe udongo umeshaanza!"

Kwetu mwanamke mwenye mimba hula udongo, hakuna anayemshangaa, na wa kichuguu ndio unaopendwa. Kesho yake aliniletea vipande vyake, amevibanika motoni na kuvifunga kwenye jani. "Ule wa shambani una samadi," akasema, "utakuumiza tumbo. Kula huu." Nilipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante sana mayu, na karanga ya mwisho ilikuwa bado imekwama kwenye gego langu. Siku hiyo ndiyo niliyopaswa kusema.

Mvua ilinyesha mwezi wa kumi na mbili. Ilinyesha siku tatu kama alivyokuwa ameishukuru. Waliocheka walikimbia huku na huko wakitafuta mbegu na majembe, na wakati wao wanatafuta, shamba lake lilikuwa limeshaota. Watu walikuja kuangalia. Na wote waliona lile pengo la upande wa kichuguu, matuta kumi na mawili meupe, hata jani moja hakuna.

Alichuchumaa pale, akafukua kwa kidole shimo baada ya shimo. Nilisimama kando na tumbo langu. Alikuwa akiwaza kwa sauti. Angekuwa kanga, mashimo yangekuwa wazi, kanga hafukii. Angekuwa panya, tungeona njia zake. Zingeoza, tungekuta uozo. "Ni kama hazikupandwa," akasema, "na nilizipanda kwa mkono wangu." Usafi wa kazi yangu ulikuwa umewaondolea lawama viumbe wote, akabaki Mungu peke yake.

"Amezichukua mwenyewe," alisema akiinuka. "Kuna kitu amekiona kwangu."

"Labda ni panya, mayu," nikasema. Huo ndio ushujaa wangu wote.

Alifunga siku tatu, mtu ambaye njaa ilikuwa imemfungisha mwaka mzima. Mimi nilipika na kula. Nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu: nikisema, narudishwa kwetu na mimba na jina la mwizi wa mbegu, na kwetu nako hakukuwa na chakula. Nisiposema, mama huyu atajichimba mpaka apate dhambi, maana ukijichimba kwa bidii hukosi. Nilizipima hizo mbili, na tumbo likaamua.

Jumapili baada ya ibada alisimama mbele ya wazee wa kanisa na washirika wote. Dhambi alikuwa ameipata. Alisema kwamba alipokuwa akishukuru kwa mvua, moyoni alitaka inyeshe ili waliomcheka waaibike. Alitaka Mungu amtetee yeye, si kwamba watu wapate kula. "Nilijivuna kwa kitu ambacho si changu," akasema, "ndiyo maana amenikata mbele yenu."

Mzee wa kanisa aliyeketi katikati alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti. Mwaka ule mtu kuwa na kitu cha kuchokonoa lilikuwa jambo la kuulizwa, lakini nani amuulize mzee wa kanisa? Alimsikiliza taratibu, akamrudisha nyuma aseme tena lile la kuaibisha watu, kwa sauti, wa nyuma wasikie. Alikuwa anaonja. Kisha akatoa hukumu: miezi mitatu asiguse meza ya Bwana, asiongoze maombi, asiombee mtu hadharani, akae benchi la mlangoni pamoja na walevi wawili na bwana mmoja aliyeongeza mke. "Watu wa kujionyesha imani," akasema, "huishia hapo." Wale waliocheka magunia wakatikisa vichwa kwa huzuni ya uongo.

Nilimchukia mzee yule na bado namchukia. Lakini yeye alichokula alikuwa amekichinja zizini kwake; mimi nilikula cha mtu.

Mama mkwe alikwenda kwenye benchi akakaa. Njiani kurudi nyumbani aliniambia ni vizuri kurudiwa kwa fimbo na anayekupenda. Alisema hivyo akiwa amenishika mkono nisiteleze kwenye matope, nami nilitaka kuung'oa ule mkono. Wema wake ulikuwa umenifika kooni. Kama angenituhumu hata kidogo, kama angeniangalia jicho baya mara moja tu, labda ningesema.

Nilijifungua kabla ya miezi yake kwisha. Yeye ndiye aliyenizalisha, yeye ndiye aliyemwogesha mtoto. Siku ya kumtoa nje, majirani na akina mama wa maombi walijaa uani, wakamngoja bibi amwombee mjukuu kama ilivyo desturi. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa mtoto yule tangu siku niliyoolewa. Alimbeba, akamwangalia, kisha akamweka mapajani mwangu.

"Kinywa changu kimefungwa mpaka mwezi uishe," akasema. "Mwombee wewe. Wewe Mungu hana neno nawe."

Nilifumba macho, safari hii nilifumba, nikafungua kinywa. Sikujua maombi mengine zaidi ya yale niliyoyasikia kila siku nikiyachukia, kwa hiyo niliomba ya kwake. Nilimshukuru Mungu kwa meno ambayo mtoto alikuwa hajaota, kwa njia ambazo alikuwa hajatembea, kwa mavuno yaliyokuwa bado shambani. Yalitoka vizuri. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nilipomaliza alikuwa analia kwa furaha, akawageukia wenzake: "Mmemsikia? Haya hayafundishwi. Huyu ana imani ya kungojea."

Miezi mitatu ilipokwisha alirudishwa mezani, lakini maombi ya Jumatano aliyakataa. Aliwaambia wazee kwamba Mungu ameshamwonyesha mwingine. Yule wa kijiti aliafiki haraka, wakaja kuniuliza kama niko tayari, na mama mkwe amekaa pembeni ananiangalia kwa matumaini. Nilisema niko tayari.

Niliongoza miaka kumi na moja. Kwa miaka yote hiyo aliketi mbele yangu akiitikia kwa nguvu kuliko wote, mpaka alipougua. Siku za mwisho alinihesabia mambo aliyotendewa na Mungu, na miongoni mwake aliyataja yale matuta kumi na mawili, kwamba alinyimwa kwa haki, na kwamba alikwisha kusamehewa.